Tulikimbia Tukiimba

Kizazi changu hakikujua kukimbia kimya. Mtu wa rika langu aliyesoma shule ya msingi vijijini Shinyanga, akapitia chuo cha ualimu na Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akarudi kushika chaki, amekimbia umbali asioweza kuupima, na karibu wote ameukimbia kinywa kikiwa wazi. Kabla ya paredi, mchakamchaka. Kambini, mchakamchaka. Mbio za Mwenge zikipita wilayani, tulikimbia pembeni tukiimba mpaka koo likakauka. Hata usiku wa kumfukuza mwizi wa ng'ombe tulikimbia kwa sauti. Sasa nakaa Geita mjini, Nyankumbu, na kila alfajiri vijana wanapita mbele ya nyumba wakikimbia, mmoja mmoja, midomo imefungwa, masikioni wamechomeka vile vidude vyeupe visivyo na waya. Nyayo zao nazisikia. Wimbo wanausikia wao.

Wazee wenzangu wameshatoa hukumu. Ukikaa kijiweni pa kahawa utaambiwa kizazi hiki kimejifungia, kila mtu na dunia yake, hata shikamoo hawaisemi mpaka uwapungie mkono. Nimefundisha watoto maisha yangu yote ya kazi na hukumu za kijiweni nazijua: wengi wanaozitoa wamesahau wao wenyewe walikuwaje. Kwenye hili nakubaliana nao kipande kimoja tu, na si kile wanachokishikilia.

Kwanza tukumbushane wimbo ule ulikuwa unafanya kazi gani, maana wengi wanadhani ulikuwa wa kutia moto. Kiongozi wa mchakamchaka hakukaa mbele, alikimbia ubavuni mwa mstari ili aone kichwa na mkia. Alitoa kifungu kifupi cha nyayo nne, kundi likaitikia kwa nyayo nne. Anapoimba yeye, ninyi mnavuta pumzi, mnapoitikia, mnaitoa. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu aliweza kuzunguka kijiji na kurudi bila kichomi. Mwitikio ukianza kukatika huko nyuma, kiongozi mzuri hasubiri kuambiwa. Anauvuta wimbo, anaurefusha kidogo, na miguu ya shule nzima inapungua bila filimbi kulia. Wataalamu wa mazoezi leo wanafundisha kwamba mkimbiaji anayeweza kuzungumza yuko kwenye mwendo ambao moyo unaumudu, na anayeshindwa kumaliza sentensi amezidisha. Sisi tulikuwa tunapimwa hivyo kila asubuhi bila kujua. Wimbo ulikuwa breki. Wenye mbio ndio walioudhika nao, kwa sababu ulimzuia mwenye miguu mirefu asimwache mwenzake.

Wala jeshi halikuvumbua jambo hili. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, mzigo wa kilo 30 na zaidi kichwani au begani, safari ya miezi. Mbele alitangulia kirongozi, ngoma na baragumu zikamfuata, na wimbo ukapokelewa kutoka kichwa cha msafara mpaka mkiani, kwa watu waliokuwa hawaonani. Waliporudi nyumbani, wimbo uleule wa miguu ukahamia mikononi: vijana wakaungana kulima shamba la mmoja wao chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, ngoma imesimama pembeni ya tuta. Bugobogobo mnayoiona leo kwenye sherehe, watu wakirusha majembe hewani, ilizaliwa huko shambani. Mmarekani mmoja, Frank Gunderson, mwaka 2010 alitoa kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300. Ukikipitia unaona kwamba hapa kwetu kazi isiyokuwa na wimbo wake ilikuwa ya kutafuta.

Na tulishindana. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, vinapambana kila baada ya mavuno, na mpaka leo mwezi wa Juni vinakutana Bujora, Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo iliyoanzishwa na Padre David Clement. Hakuna jaji anayeandika alama. Wanacheza pande mbili za uwanja kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Msukuma amelelewa akijua kwamba wimbo kazi yake ni kuwatoa watu walipo na kuwaleta ulipo wewe. Ndiyo maana mzee wa Kisukuma akimwona kijana amejifungia wimbo kichwani, anahisi kuna kitu kimenyimwa jirani.

Hapo ndipo hadithi ya wazee wenzangu hukomea. Ya kwangu inaendelea, kwa sababu nakumbuka maneno ya nyimbo zile.

Sheria ya kuwapeleka wasomi JKT kwa lazima ilipokuja mwaka 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Sisi tuliowafuatia hatukuandamana tena. Tulipofika kambini tulikuta wimbo umeshatungwa. Afande anatoa, kuruta unaitikia, na usipoitikia kwa nguvu unazunguka uwanja peke yako mpaka sauti ipatikane. Tuliporudi mashuleni tukawapa watoto tulichopewa. Azimio la Arusha tulilikimbia tukiliimba. Ian Smith wa Rhodesia na makaburu wa Afrika Kusini tuliwakimbia. Mwaka 1978 vita vya Kagera vilipoanza, watoto wa miaka tisa katika kijiji cha mbali huko Shinyanga walikuwa wanamtukana Idi Amin kwa mdundo wa miguu, kila asubuhi, na wengi wao usingeweza kuwauliza Kagera iko upande gani. Nasema haya bila majuto. Nchi ilikuwa vitani na sauti za watoto zilimfurahisha kila mtu aliyekuwa akitoka nje kuzisikiliza. Lakini ukweli ubaki kuwa ukweli: katika kukimbia kwetu kote, hakuna aliyewahi kutuuliza tunataka wimbo gani.

Tulizozipenda zilikuwepo. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na jioni ilipopiga Tabora Jazz nyumba nzima ilinyamaza, kwa sababu betri zilikuwa za kuanika juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu na hakuna aliyetaka kupoteza dakika. Tabora Jazz hiyo hakuna aliyewahi kuikimbilia. Ungejaribu kuianzisha kwenye mchakamchaka ungeitwa ofisini. Wimbo wa moyo ulikuwa wa jioni, wa asubuhi ulikuwa wa serikali.

JKT ya lazima ilisimama mwaka 1994 na kurudi 2013, na katikati hapo mchakamchaka ukafifia kwenye shule nyingi. Vijana hawa ninaowaona wengi wamekulia kwenye pengo hilo. Hawakuutupa wimbo wetu. Hawakuupokea kamwe, na ni sisi tuliokuwa tumeushika.

Mjukuu wangu mmoja anafanya kazi kwenye karasha nje ya mji. Msomaji asiyejua eneo la machimbo afahamu kwamba karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kabla hayajapelekwa kuoshwa mwaloni. Injini ya dizeli inanguruma, chuma kinagonga jiwe, jiwe linagonga chuma, vumbi linapanda. Wanaoifanyia kazi hawazungumzi. Wana ishara zao za mikono: vidole viwili ni leta mfuko mwingine, kiganja kikipita shingoni ni zima. Mara nyingi anaingia jioni na kutoka asubuhi. Akifika nyumbani anaosha miguu tu, anavaa raba, anachomeka vidude vyake masikioni, anakimbia kuelekea njia ya Katoro na kurudi, ndipo alale. Nilimuuliza kwa nini anajichosha tena wakati amechoka, na kwa nini asiyape masikio mapumziko baada ya kelele ile.

"Babu," akaniambia, "usiku mzima masikio yangu ni ya mwenye mashine. Hizi dakika arobaini ni zangu."

Jibu hilo nilikaa nalo siku kadhaa, kwa sababu lilinirudisha kwenye Geita niliyoikuta nikiwa kijana. Mgodi wa zamani wa Waingereza ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Tulichokikuta ni mashimo, vifusi, nyumba za mabati yenye kutu, na ukimya. Ungesimama kilimani ukasikia mtu anapasua kuni ng'ambo ya pili. Huko Shinyanga ilikuwa hivyohivyo. Ukiacha Mwadui, ambako almasi ilikuwa ikichimbwa tangu mwanajiolojia Williamson alipoigundua mwaka 1940, mbugani kulikuwa na njuga za ng'ombe na upepo. Mtu akitembea usiku aliimba ili nyumba zijue anayepita si mwizi. Katika nchi kimya unaimba kwa sababu ukimya ni mkubwa kuliko wewe.

Kisha dhahabu ikarudi. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu kule Kahama ukafuata mwaka 2001, Buzwagi ukafunguliwa 2009 na kufungwa 2021. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2019 ikapata soko lake la dhahabu. Wachimbaji wadogo nao wakajaa Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, na upande wa Shinyanga, Mwakitolyo. Kila aliyekuja alikuja na sauti yake: karasha, jenereta, pampu ya kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, pikipiki zilizotolewa kizuia sauti, baa yenye sabufa inayotikisa vioo vya jirani, mhubiri aliyeweka spika nne zikiangalia soko, gari la matangazo ya sabuni. Kijana aliyezaliwa katikati ya hayo hawezi kuuona ukimya kuwa ndiyo hali ya kawaida. Kwake wimbo wa masikioni ni ukuta. Sisi tuliimba ili tusikike. Yeye anasikiliza ili asilazimishwe kusikia.

Na kuna habari ya mabinti, ambayo kijiweni haizungumzwi kabisa. Katika ujana wangu msichana alikimbia mpaka anamaliza shule. Mwanamke mzima akionekana anakimbia barabarani, watu walitoka nje kuuliza nani amefariki au nani anamfukuza. Leo wanakimbia, na wanapita mbele ya vituo vya bodaboda ambako midomo haina pazia. Binti mmoja wa mtaani kwetu, muuguzi, aliniambia jambo ambalo sikulitarajia: mara nyingine vile vya masikioni havipigi chochote. Anavivaa vimezimwa. Wakimwita majina anapita kama hakusikia, na wao wanaamini hakusikia, hivyo hawatukani kwa kupuuzwa. Huku yeye anasikia kila kitu, pamoja na pikipiki inayomjia nyuma. Akili hiyo sisi tungeipata wapi?

Siku moja nilimwomba mjukuu anionjeshe. Akatoa kimoja sikioni kwake, akakifuta kwenye fulana, akanichomekea mimi. Nilijiandaa kwa singeli, ile ngoma ya Manzese na Tandale inayokwenda kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuifuata, au kwa kijana wa Dar es Salaam anayelalamikia mapenzi. Nikakuta Kisukuma. Alikuwa mmoja wa hawa waimbaji wa asili wa sasa, wa njia ya kina Bhudagala na Nelemi Mbasando, mtu na kinanda cha umeme na ngoma iliyotengenezwa kwenye kompyuta. Lakini mpangilio ulikuwa uleule. Kiongozi anatoa, watu wanaitikia. Nami nikaitikia. Niliitikia kwa nguvu kuliko nilivyodhani, kwa sababu ukishajaziwa sikio hujui sauti yako imefika wapi, na mama wa jirani aliyekuwa anachambua mchele akageuka na ungo mkononi. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipokirudisha nilimuuliza kama yeye huwa anaitikia akiwa njiani. Akasema hapana, kwa nini aitikie wakati waitikiaji wamo ndani.

Wamo ndani, kweli. Hawachoki, hawapitwi na pumzi, hawabaki nyuma. Hapo ndipo kipande changu cha lawama kilipo.

Sibishi kwamba muziki unamsaidia mkimbiaji. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na kazi zake zinaonyesha kwamba mtu anayekimbia kwa kadiri huona uchovu umepungua akiwa na muziki, hasa wenye mapigo kati ya 120 na 140 kwa dakika, na mguu ukiupata mdundo, pumzi inatumika kwa uangalifu zaidi. Zinaonyesha pia kwamba ukikaza mpaka mwisho wa uwezo wako, mwili unapiga kelele kuliko wimbo na msaada unapungua. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ukumbini huko Birmingham mwaka 1998 huku spika za uwanja zikipiga "Scatman", wimbo aliouomba mwenyewe kwa sababu mdundo wake ulilingana na hatua zake. Lakini angalia: spika zilikuwa za uwanja mzima. Aliokuwa akishindana nao waliusikia uleule.

Vya masikioni wakubwa wa riadha hawaviruhusu mashindanoni, vinahesabiwa kuwa msaada. Marekani walijaribu kuwabana hata wakimbiaji wa kawaida kuanzia 2007, wakashindwa, wakalegeza. Filbert Bayi wetu, siku ile ya 2 Februari 1974 huko Christchurch, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuwa na mtu wa kumfuata wala wa kumwekea mwendo. Alimaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Alphonce Simbu, kijana wa Singida, majirani wa Shinyanga yetu, Septemba 2025 jijini Tokyo alikimbia marathoni nzima na kumpata Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho kwa tofauti ya 0.03 ya sekunde, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Tofauti ndogo namna hiyo huipati kama husikii pumzi ya aliye mbele yako inaanza kukwama. Nawaambia vijana wanaokimbia kwa kutaka kushinda: siku za mazoezi magumu, vueni. Anayekimbia kwa afya yake avae.

Shida yangu ni barabara, na nyuma ya barabara kuna shida kubwa zaidi. Njia hizi zetu ni za malori. Kutoka bandari kavu ya Isaka kupita Kahama, mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo inapita usiku na mchana. Dereva aliyelala vibaya hupiga honi mara moja. Kuhusu hilo ushauri wangu ni mfupi: sikio moja ndani, sikio moja nje, na ukimbie upande unaotazamana na magari. Mjukuu wangu amekubali sikio. Upande bado tunabishana.

Kubwa zaidi ni mwano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipotuelemea, sungusungu walianza huku kwetu, Kahama na vijiji vya jirani, kisha wakaenea Usukuma yote. Mwizi akionekana, mtu wa kwanza anapiga mwano, yowe la juu lenye kukatwakatwa, wa pili anaupokea, na filimbi zinaitikia kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mwanamume anatoka na upinde wake anakimbia kuelekea sauti. Ulikuwa unaweza kujua kwa masikio tu ng'ombe wamepelekwa upande gani na mbio zimefika wapi, maana mwano ulihama pamoja nao. Aliyebaki kitandani alitozwa faini kesho yake, na utetezi wa kwamba hukusikia haukukubalika. Sungusungu walikuwa na mabaya yao, walipiga watu na wengine waliua, sitawapamba. Lakini walitulea kuamini kwamba sikio lako ni mali ya kijiji, na kwamba kuna sauti ambayo ukiisikia miguu haikuulizi.

Wachimbaji wanalijua hili kuliko wakimbiaji. Mzee wa machimbo akishuka duarani hugonga dari kwa moko, chuma chake cha kuchimbia, kabla ya kukaa chini yake. Jiwe lililoshikana hutoa mlio mkali. Lililoachia hulia kama debe tupu, na akilisikia hilo haendi mbele mpaka matimba yaongezwe. Mbao za matimba nazo husema kabla ya kuvunjika. Mjukuu ameniambia chini hakuna anayevaa vya masikioni, hata mtundu kuliko wote. Mwaka 2015 huko Nyangalata, Kahama, duara liliwafukia wachimbaji sita. Siku 41 baadaye wachimbaji wengine waliokuwa wakifanya kazi jirani walisikia sauti za watu chini ya ardhi, wakachimba, na watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura na maji yaliyokuwa yakidondoka. Waliosikia hawakuwa waokoaji waliotumwa. Walikuwa watu kazini, masikio wazi, waliosimamisha walichokuwa wakifanya.

Kwa hiyo sina neno na wimbo wa kijana. Ni wimbo mzuri kuliko niliopewa mimi, ameuchagua, na mara nyingine ni wa kwao. Ninalolikosa kwenye mbio zake ni yule wa darasa la tatu aliyeko mkiani. Kikundi cha vijana watano nawaona wakianza pamoja pale stendi, kila mmoja na wimbo wake, na kila wimbo na mwendo wake. Wakifika kwangu wameshakuwa watu watano tofauti, wa mwisho ameinama ameshika magoti, na hakuna aliyejua ameachwa lini. Hawakumwacha kwa roho mbaya. Hakuwa na njia ya kuingia kwenye mdundo wao na kuuvuta nyuma.

Jumamosi mambo huwa tofauti. Tangu mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilipotangazwa kuwa siku ya mazoezi, vikundi vya joging vimezaana kila mji, na Geita havikosekani. Wanavaa fulana za rangi moja. Mbele inatangulia pikapu yenye spika kubwa, nyuma wanafuata watu wa kila umri, wengine na matumbo yao, na spika ikizimwa kupisha msiba au hospitali, ghafla unasikia mtu anatoa na kundi linaitikia. Mchakamchaka mtupu! Maneno yamebadilika: sasa wanawaimba Simba na Yanga, mdhamini aliyetoa maji, mheshimiwa aliyeahidi kuja na hakuja. Nyayo ni nne kwa nne, zilezile.

Mwezi uliopita viongozi wa kikundi kimoja walikuja nyumbani wakaniamkia na kukaa. Wamesikia kwamba mwalimu alikuwa akitoa nyimbo enzi zake, wanataka niwafundishe vijana wawili au watatu kutoa, kwa sababu spika ikizimwa hakuna anayejua kuanzisha na kuna siku walikimbia kilomita nzima kila mmoja akimwangalia mwenzake. Nikawaambia nitakuja, nitakaa kwenye pikapu kwa kuwa magoti yangu si ya kukimbia tena, lakini nina masharti. Anayetoa akimbie ubavuni, si mbele. Maneno watunge wenyewe, sitaki kusikia langu hata moja. Na spika izimwe kuanzia stendi mpaka Nyankumbu.

Walinong'onezana. Mwenye pikapu amelipwa na mdhamini, na mdhamini anataka tangazo lake lisikike. Wamekubali nusu ya njia.